Mkono Unaopanda Kichwani Bila Kuitwa

Wasusi watatu walikuwa wamemzunguka mpwa wangu katika kibanda kimoja cha Kenyatta Market, kila mmoja na fungu lake la nywele, na mimi nilikuwa nimeketi kwenye stuli ya plastiki karibu na mlango, mkoba wake ukiwa mapajani mwangu. Redio ilikuwa ikiimba, muuza njugu alikuwa anapita, na harufu ya nyama choma ilikuwa inatufikia kutoka upande wa pili wa soko. Kisha msusi wa upande wa kushoto akasimama. Akazitenga nywele zilizokuwa juu ya sikio, akazigeuza huku na huku, akainama na kusema kwa sauti ya chini, "Dada, hapa sina pa kushika."

Palikuwa na upara wenye upana wa vidole viwili. Ngozi yake ilikuwa safi, haina kidonda wala choa, na pembezoni mwake palikuwa na vinyweleo vilivyokatika, hakuna viwili vilivyolingana urefu. Mpwa wangu hakujibu. Mkono wake wa kushoto ulitoka chini ya kitambaa alichofunikwa, ukapanda polepole kuelekea pale pale, na ulipokutana na vidole vya msusi ukarudi chini.

Nimeufikiria mkono ule kwa wiki nyingi sasa.

"Nataka tu kitolewe"

Jioni ile, tukiwa jikoni kwangu, alinieleza kwa mapana, na ameniruhusu kuyaandika haya bila kumtaja jina. Kung'oa nywele kulianza akiwa kidato cha pili, wakati wa masomo ya jioni, kichwa kikiwa kimeegemea mkono na kitabu kikiwa wazi mbele yake. Vidole vilikuwa vinatafuta unywele mmoja ulio mgumu kuliko wenzake, vinauzungusha, vinauvuta, na kwa muda mfupi sana kila kitu ndani yake kinatulia. Baada ya utulivu huja aibu, na aibu yenyewe huuita mkono tena. Alipopata kazi ya uhasibu mjini tabia ile ilipoa, hata akaamini imekwisha, mpaka mwaka jana iliporudi ikifuatana na jambo jipya: hofu inayomkamata ndani ya matatu.

Hofu hiyo huja gari linaposimama katika msongamano wa Thika Road, yeye akiwa dirishani na abiria wawili wakiwa wameiziba njia ya kutokea. Moyo huanza kudunda hadi anausikia masikioni, vidole vinakufa ganzi, hewa inakuwa haba, na wazo moja linaisukuma nje mengine yote, kwamba hapa ndipo atakapofia. Akifikia hapo huomba kushuka popote gari lilipo. Kuna jioni alizotembea kutoka Pangani hadi Roysambu, viatu vya ofisini vikiwa mkononi. Alikuwa amekwisha kupimwa hospitalini, akaambiwa kwamba moyo wake hauna kasoro na kwamba apunguze mawazo.

Jinsi ya kuyapunguza, hakuna aliyemwambia.

Ndipo alipoona kwenye simu tangazo la mtu anayejiita bingwa wa hipnosisi, ile njia ya kuituliza akili ya mtu hadi maneno anayoambiwa yamwathiri kuliko kawaida, anayeahidi kuondoa wasiwasi, sigara, pombe na tabia yoyote isiyotakiwa kwa kikao kimoja tu, malipo yakitangulia. Mpwa wangu alikuwa ameanza kuweka akiba. "Shangazi," aliniambia, "nimechoka kupigana nacho. Nataka tu kitolewe."

Ombi hilo halikuwa la ajabu. Aliyechoka hutaka mzigo utuliwe, hataki somo la namna ya kuubeba. Hata hivyo nililala nalo na kuamka nalo, kwa sababu sikuwa na hakika kama hofu ni kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukitoa.

Walichokiona wasomi wa Paris

Nilianza kusoma kuhusu chanzo cha hipnosisi, na nikajikuta nimefika karne ya kumi na nane, kwa daktari aliyeitwa Franz Anton Mesmer. Mesmer alitoka Vienna akaenda Paris, akidai kwamba kuna umajimaji usioonekana unaopita katika viumbe vyote na kwamba yeye anaweza kuuelekeza ili uponye. Wagonjwa walitetemeka mbele yake, wakalia, wakaanguka, na baadhi yao wakainuka wakisema wamepata nafuu. Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 aliunda tume ya kuchunguza jambo hilo, na miongoni mwa wajumbe wake walikuwa Benjamin Franklin na mwanakemia Antoine Lavoisier. Tume iliwafunga watu vitambaa machoni. Walioambiwa kwamba wanatibiwa walitetemeka hata pale ambapo hakuna lililofanywa, na waliofanyiwa tiba bila kujua hawakuhisi chochote. Tume ikaamua kwamba umajimaji huo haupo na kwamba kilichofanya kazi ni fikra za mgonjwa mwenyewe.

Niliposoma hayo mara ya kwanza niliona kwamba habari imekwisha, na kwamba ningemwambia mpwa wangu asipoteze fedha zake. Niliporudia kusoma, nikakwama mahali pale pale. Wajumbe wale hawakusema kwamba watu hawakutetemeka. Walisema kwamba walitetemeka kwa sababu walitarajia kutetemeka. Ikiwa tarajio peke yake linaweza kuuangusha mwili wa mtu mzima sakafuni, basi tarajio ni nguvu ya kweli. Na ni nini kinachomkamata mpwa wangu pale Pangani, kama si tarajio? Ndani ya matatu ile hakuna moto wala nyoka. Kuna wazo kwamba jambo baya linakuja, na mwili unaolitii wazo hilo kwa ukamilifu.

Hapo niliacha kuuliza kama hipnosisi ni ya kweli au ya uongo, nikaanza kuuliza inafanya kazi gani na katika mikono ya nani.

Mtu wa kufuata alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Uskoti, James Braid, aliyekuwa akifanya kazi Manchester. Mwaka 1841 alihudhuria maonyesho ya watu waliofuata njia ya Mesmer, akaukataa umajimaji lakini akakishika kile alichokiona kwa macho yake, kwamba mtu akikazia macho kitu kimoja na kuituliza akili yake huingia katika hali ya umakini mkubwa, ambamo maneno anayoambiwa humwathiri kuliko kawaida. Kitabu chake cha mwaka 1843 ndicho kilicholipa jambo hili jina tunalolitumia leo.

Mgonjwa aliyeanza kusema

Sikutegemea kwamba hipnosisi na tiba ya mazungumzo zimetoka katika chumba kimoja. Kati ya mwaka 1880 na 1882, daktari Josef Breuer wa Vienna alimtibu msichana mmoja aliyekuwa amepooza sehemu za mwili, ambaye nyakati fulani alishindwa kuzungumza lugha yake mwenyewe. Akiwa katika hali ya hipnosisi, alisimulia jinsi kila dalili ilivyoanza, na baada ya kusimulia dalili ile ilipungua. Yeye mwenyewe, mgonjwa, ndiye aliyesema kwamba anatibiwa kwa kuzungumza. Sigmund Freud, aliyechapisha habari hizo pamoja na Breuer mwaka 1895, baadaye aliiacha hipnosisi na kubaki na mazungumzo, na mengi ya matibabu ya mazungumzo tunayoyajua leo yana asili huko, hata yale yaliyokuja kumpinga Freud.

Msichana huyo, ambaye maandishini aliitwa Anna O., jina lake halisi lilikuwa Bertha Pappenheim. Maelezo yaliyochapishwa yanamwacha msomaji akiamini kwamba alipona pale pale. Ukweli ni kwamba mwaka 1882 alilazwa katika hospitali ya Kreuzlingen, Uswisi, na akaendelea kulazwa mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Nafuu yake ilikuja taratibu, ikaja kubwa: mwaka 1904 alianzisha umoja wa wanawake Wayahudi wa Ujerumani, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatetea wasichana waliokuwa wakiuzwa katika ukahaba.

Ninaurudia mfano huu kwa sababu ahadi ya kikao kimoja haikuanzia kwenye simu za Nairobi. Tangu mwanzo kabisa, simulizi ya tiba hizi imekuwa ikipambwa ili iishe mapema kuliko ugonjwa wenyewe, na anayeumizwa na mapambo hayo ni yule ambaye bado anaumwa baada ya simulizi kwisha. Hujiona kwamba yeye ndiye aliyeharibika.

Inaweza nini, haiwezi nini

Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliitambua hipnosisi kama njia halali ya tiba mwaka 1955, na kile cha Marekani kikafuata mwaka 1958, vyote vikisisitiza kwamba itumiwe na watu waliosomea kazi hiyo. Ushahidi wenye nguvu zaidi niliokutana nao hauhusu akili bali tumbo. Mwaka 1984 Peter Whorwell na wenzake wa Manchester waliwatibu kwa hipnosisi baadhi ya wagonjwa 30 waliokuwa na maumivu sugu ya matumbo yasiyosikia dawa, na waliopata hipnosisi walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Matibabu yale yalikuwa ya vikao kadhaa vilivyochukua miezi mitatu.

Kwa sigara mambo ni tofauti. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, hayakupata ushahidi wa wazi kwamba hipnosisi inawasaidia watu kuacha sigara kuliko njia nyingine za msaada, na sigara ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza katika orodha ya yule bingwa wa tangazo. Kuhusu wasiwasi, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka huo huo wa 2019 ulionyesha kwamba hipnosisi hupunguza wasiwasi, na kwamba hufanya vizuri zaidi inapounganishwa na tiba nyingine ya kisaikolojia kuliko inapotumiwa peke yake. Sentensi hiyo niliisoma kwa sauti.

Watu pia hawaipokei kwa kiwango kimoja. Tangu kipimo cha Chuo Kikuu cha Stanford cha mwaka 1959 inajulikana kwamba wachache huingia katika hali hiyo kwa urahisi mkubwa, wachache hawaingii kabisa, na wengi wapo katikati. Kwa hiyo anayeahidi matokeo yale yale kwa kila mlipaji anaahidi asichoweza kukijua. Na liko jambo moja ninalolihofia kweli: hipnosisi haifai kutumiwa kuchimbua kumbukumbu zilizopotea. Akili iliyo katika hali ile hupokea mapendekezo, na mtu anaweza kutoka pale akiwa na uhakika kamili wa jambo ambalo halikuwahi kutokea. Familia zimevunjika kwa kumbukumbu za namna hiyo.

Daftari kabla ya usingizi

Hatukwenda kwa bingwa wa tangazo. Tulimpata mtaalamu wa saikolojia aliyesajiliwa, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, ambaye hutumia hipnosisi katika kazi yake lakini hakuitaja kabisa siku ya kwanza. Alimpa mpwa wangu daftari dogo la kurasa za mistari, akamwambia aandike kila mkono unapopanda: saa, mahali, alichokuwa akifanya, alichohisi kabla, na kama unywele uling'oka.

Mpwa wangu alikata tamaa. "Shangazi, amenipa kazi ya shule," alisema tukiwa kwenye lifti.

Njia ile ina historia. Nathan Azrin na Robert Nunn, wanasaikolojia wa Marekani, waliieleza mwaka 1973, na hadi leo ndiyo tegemeo la kwanza kwa tabia za aina hii: kung'oa nywele, kutafuna kucha, kuchuna ngozi. Kung'oa nywele kuna jina lake la kitabibu, trikotilomania, lililotolewa na daktari Mfaransa François Henri Hallopeau mwaka 1889, na inakadiriwa kwamba huwapata watu kama 1 au 2 katika kila 100. Mpwa wangu alipoelezwa hivyo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama ni kweli kwamba wako wengine. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa ameamini kwamba ni yeye peke yake duniani.

Daftari lilionyesha yale ambayo yeye mwenyewe hakuyajua. Alidhani hung'oa nywele anapokuwa na huzuni, lakini kurasa zilisema vingine: mkono ulipanda alipokuwa akisoma barua pepe za mkuu wake, alipokuwa amelala kwenye kochi usiku na simu mkononi, na alipokuwa amechoka bila kuwa na jambo lolote linalomsumbua. Mara nyingi aliandika kwamba aligundua unywele ukiwa tayari katikati ya vidole. Hapo mtaalamu akamfundisha hatua ya pili: akiuhisi mkono ukianza safari, akunje ngumi, aishike imara ubavuni kwa dakika moja au zaidi, mpaka hamu ipungue. Na kwa kuwa vidole vyake vinapenda kusokota, akamwambia avitafutie kitu halali cha kusokota. Mpwa wangu alichagua uzi wa mkonge, ule ambao marehemu bibi yake alikuwa akiusokotea vyondo. Sasa kipo kipande katika kila mkoba wake na kingine kwenye droo ya ofisini. Nimemwona akikitumia. Anakisokota kwa kidole gumba na cha shahada, kwa nguvu, macho yakiwa kwenye kompyuta, na hakuna anayemwangalia.

Wifi yangu na swali lake

Hipnosisi ilipotajwa, wifi yangu alikataa. Ni mama aliyemlea binti yake kwa sala, na alichouliza kilistahili jibu: "Mtu akimfungua mtoto wangu akili, nani atakayejua kilichoingia?" Kuna watu wa mjini ambao wangelicheka swali hilo, nami sikubaliani nao, kwa sababu tume ya Paris ingeuliza hivyo hivyo kwa maneno mengine.

Mtaalamu alituita sote watatu. Akaeleza kwamba anayefanyiwa hipnosisi hapotelei usingizini, husikia kila neno, hukumbuka kwa kawaida yaliyosemwa, na anaweza kufumbua macho na kuondoka wakati wowote. Akaeleza kwamba hawezi kuifanya kwa mtu aliyepotewa na uhalisi, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kwa sababu inaweza kumdhuru. Akamwonyesha wifi yangu karatasi ambayo maneno yote atakayoyasema yalikuwa yameandikwa, na akamkaribisha aketi ndani ya chumba. Wifi yangu aliisoma karatasi hadi mwisho na kumwuliza mchungaji wake, ambaye naye alitaka kujua jambo moja tu, kama binti ataweza kusema hapana. Akaambiwa ndiyo. Basi akaruhusu.

Nami niliketi ndani, kwa ridhaa ya mpwa wangu. Kabla ya kuanza mtaalamu alimwuliza anaota kwa lugha gani, naye akajibu kwamba anaota kwa Kiswahili, hivyo ikawa Kiswahili. Aliambiwa akazie macho kona ya fremu ya dirisha hadi kope zichoke, kisha azifunge. Pumzi zikahesabiwa. Akaombwa kuzisikia nyayo zake sakafuni, kisha mapaja juu ya kiti, kisha mabega, kisha mkono wa kushoto, kidole kwa kidole, na hapo ndipo mtaalamu alipokaa muda mrefu zaidi. Nje matatu ikapiga honi ndefu, na badala ya kuipuuza akasema kwa sauti ile ile, "Na honi ile, isikie, iache ipite." Kisha yakaja maneno ambayo nilikuwa nikiyangoja: kila mkono huu utakapoanza kuinuka, utausikia uzito wake, na utakapousikia utakuwa na nafasi ya kuamua.

Hakumwambia kwamba hatang'oa nywele tena.

Nilitazama mkono ule ukiwa juu ya paja lake, umelegea, na nikaelewa kwamba hipnosisi ya chumba kile ilikuwa inaongeza nguvu kwenye kazi iliyokwisha kuanza daftarini. Msichana aliyekuja akitaka kitu kitolewe alikuwa anapewa kitu: uwezo wa kuuona mwanzo wa tendo ambalo kwa miaka mingi alikuwa akiliona mwisho wake tu. Sidhani kama maneno yale yangekuwa na pa kushikia bila zile kurasa.

Kutoka Roysambu hadi Pangani

Hofu ya matatu ilihitaji njia yake, na hapa tiba ya mazungumzo ilikuwa kali kuliko nilivyotarajia. Kuanzia miaka ya 1960, daktari wa akili Aaron Beck wa Philadelphia alikuwa amefundisha kwamba mawazo yanayompitia mtu upesi ndiyo yanayowasha hisia zake, na kwamba yanaweza kukamatwa na kupimwa. Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Clark, wa Uingereza, alieleza jinsi hofu ya ghafla inavyojijenga: moyo unaongeza kasi kidogo, mtu anafikiri ni dalili ya kifo, wazo hilo linazidisha kasi, na kasi inalithibitisha wazo. Kupumua haraka kunapunguza hewa ya kaboni katika damu, na huko ndiko kunakoleta kizunguzungu na ganzi ya vidole. Vinatisha, lakini havimwui mtu.

Kushuka garini kulikuwa kunamwokoa jioni ile na kumfunga jioni iliyofuata, kwa sababu kila aliposhuka aliondoka akiamini kwamba angebaki angekufa. Hakuwahi kubaki ili aone.

Ilibidi abaki. Alianza kwa kuketi katika matatu tupu kwenye steji, dirishani, hadi ijae, kisha ashuke kabla haijaondoka, akiwa amemlipa kondakta nauli yake. Halafu akapanda Roysambu hadi Garden City, asubuhi kukiwa hakuna msongamano. Halafu hadi Allsops. Nilimsindikiza safari za mwanzo nikiketi kiti cha nyuma, kwa maagizo kwamba nisiongee naye. Kabla ya kuondoka alifanya nyumbani zoezi la kupumua na maneno aliyorekodiwa na mtaalamu, yale ya hipnosisi, ila ndani ya gari yalikatazwa, kwa kuwa lengo lilikuwa hofu ije, ipande, na yeye awepo ikishuka yenyewe. Pangani ilipofika, jioni, magari yakiwa yamesimama kabisa, alinitumia ujumbe kutoka kiti cha mbele: "Imekuja." Baada ya muda ukaja mwingine: "Bado ipo." Tulipovuka Muthaiga hakutuma kitu, na niliona kichwa chake kimeegemea kioo.

Wiki iliyofuata alishuka tena njiani, akalia, akataka kuacha kila kitu. Mtaalamu hakushangaa. Walirudi hatua moja nyuma, Allsops, wakaanza tena kutoka hapo.

Wenye kulipa na wasioweza

Kinachonisumbua hadi leo ni fedha. Kikao kimoja cha binafsi katika mji huu ni maelfu ya shilingi, na mpwa wangu aliweza kwa sababu ana mshahara na kwa sababu tulichangishana. Yule bingwa wa tangazo anapata wateja kwa kuwa kikao kimoja, hata kiwe cha bei kali, kina mwisho unaojulikana. Mwenye mshahara mdogo anapopiga hesabu, ahadi ya uongo inakuwa ndiyo pekee anayoweza kuimudu.

Nairobi haikosi ujuzi. Baada ya shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998 wakazi wengi walikutana na ushauri nasaha kwa mara ya kwanza, na miaka michache baadaye vituo vya kupima virusi vya UKIMWI kwa hiari viliufikisha ushauri huo mitaani, bila malipo. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika viunga vya mji huu, ambapo wahudumu wa afya wa jamii, wasio wanasaikolojia, walifundishwa mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano, na wanawake waliowahudumia, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Vijana wa shirika la Shamiri wameonyesha jambo linalokaribiana na hilo shuleni, kwa vikundi vinavyoongozwa na vijana waliomaliza sekondari juzijuzi. Mwaka 2020 jopokazi la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Kwa wengi, hata hivyo, huduma ya umma ya akili bado ina maana moja tu, Mathari, hospitali iliyoanza mwaka 1910, na hakuna mzazi anayetaka jirani aseme kwamba mwanawe amepelekwa Mathari. Ninachotaka ni mshauri nasaha mmoja katika kila kituo cha afya cha kaunti, mlango wake ukiwa karibu na ule wa kliniki ya watoto, ambapo mtu anaweza kuingia bila kutazamwa.

Juzi mwenzangu wa kazini alinionyesha tangazo la namna ile ile kwenye simu yake. Mwanawe wa kiume hutafuna kucha hadi damu na hawezi kuingia chumba cha mtihani bila kutapika. Nilimwomba apige simu kabla ya kutuma fedha, na aulize mambo matatu: kama mhusika amesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kijana atapewa kazi gani ya kufanya kati ya kikao na kikao, na kama mzazi anaweza kuyasoma kabla maneno yatakayosemwa.

Alipiga akiwa ameketi mbele yangu. Swali la kwanza lilijibiwa kwa kutajiwa bei, na la pili kwa bei iliyopunguzwa. La tatu hakuliuliza. Alikata simu, akataka kujua kama mtaalamu wa mpwa wangu anapokea watoto wa miaka 16, na kama tunaweza kumwomba apunguze ada kwa anayelipa kidogo kidogo.